Masika na kamera: mwanga wa mawingu, mvua na mipangilio yake

Msomaji mmoja wa Unguja anauliza: «Assalamu alaykum. Napiga picha za harusi na za mitaani Mji Mkongwe kwa kamera ya kawaida yenye lenzi ya 18–55mm iliyokuja nayo. Masika yaliyopita picha zangu zilionekana nzuri kwenye kioo cha kamera, lakini zilipochapishwa nyuso zilikuwa za giza, mbingu nyeupe tupu, na rangi zimepoa kama zimepakwa majivu. Mvua yenyewe, iliyokuwa ikimwagika kweli kweli, haionekani hata kidogo. Mara mbili lenzi ilijaa ukungu shughuli ikiwa imeanza. Je, nibadili kamera?»

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Kamera yako inatosha kwa kazi unayoifanya, na nitaomba usitoe fedha yoyote mpaka umalize kusoma. Kati ya matatizo uliyoyataja, lile la nyuso za giza ambalo kioo hakikulionyesha lina chanzo kimoja: siku ya mawingu mpiga picha hudanganywa mara tatu, kwanza na macho yake, kisha na kipima mwanga cha kamera, na mwisho na kile kioo cha nyuma anachokitegemea kukagua kazi.

Nianze na macho, kwa sababu yanazoea giza polepole bila ya mwenyewe kutambua. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni ya kukadiria mwanga bila kipimo chochote: jua likiwa kali, weka f/16 (namba ya tundu la lenzi, ambayo ikiwa kubwa tundu ni dogo) na kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, inayokaribiana na namba ya ISO, ile inayoonyesha wepesi wa filamu au kamera kuhisi mwanga, yaani kwa ISO 100 unapiga kwa 1/125 ya sekunde. Mawingu yakitanda kiasi cha kufuta vivuli, kanuni hiyohiyo inataka f/8, na wingu likiwa zito inataka f/5.6. Kutoka f/16 hadi f/5.6 ni hatua tatu, na kila hatua ni mwanga kupungua kwa nusu, kwa hiyo chini ya wingu zito umebakiwa na sehemu moja tu ya nane ya mwanga wa jua, ingawa macho yako yanakwambia kuwa ni mchana wa kawaida. Kisha unaingia kwenye kichochoro cha Hurumzi au Mkunazini, ambako kuta ndefu zimeacha upenyo mwembamba wa mbingu juu ya kichwa chako, na hapo unaweza kupoteza hatua nyingine tatu bila kusita.

Tufanye hesabu ya hali hiyo kwa lenzi yako. Ukiivuta hadi 55mm, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Ukitaka kasi ya 1/125 kwenye kichochoro chini ya wingu zito, utahitaji ISO 800. Ukitaka 1/500 ili umnase mtoto anayeruka kidimbwi, utahitaji ISO 3200. Ukirudi kwenye 18mm, lenzi hiyohiyo inafunguka hadi f/3.5, nawe unapata nafuu ya zaidi ya hatua moja, na ndiyo maana nashauri kwamba vichochoroni usogee karibu na mtu kwa miguu yako badala ya kumvuta kwa lenzi. Usiiogope ISO 1600 wala 3200. Chengachenga zinazotokana na ISO kubwa, picha ikiwa imepata mwanga wa kutosha, ni ndogo na zinapunguzwa kwa programu ya kompyuta. Zile zinazotokea pale unapopiga picha ya giza kwa ISO 400 na kuiangaza baadaye ni mbaya zaidi, na kwa kawaida hujificha kwenye kivuli cha uso, mahali ambapo bibi harusi atazitazama kwanza.

Kwa hiyo weka kamera kwenye hali ya kuchagua tundu, ile yenye alama ya A au Av, fungua tundu kadiri lenzi inavyoruhusu, na uiachie kamera ipandishe ISO yenyewe kwa sharti kwamba kasi isishuke chini ya 1/250 kwa watu wanaotembea au 1/125 kwa waliosimama. Kamera nyingi za leo zina mahali pa kuweka sharti hilo kwenye menyu ya ISO. Kama yako haina, tumia hali ya kuchagua kasi, S au Tv, uweke 1/250, na mengine uiachie kamera.

Udanganyifu wa pili ndio uliotia giza nyuso za watu wako. Kipima mwanga hakijui uso wala mbingu. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina weupe wa wastani, yaani kijivu. Mbingu ya masika si nyeusi kama tunavyodhani tukiitazama kwa huzuni. Ni karatasi nyeupe kubwa inayong'aa, na hata siku ya giza ndiyo kitu chenye mwanga mwingi kuliko vyote ndani ya fremu. Ikiingia theluthi moja tu ya picha, kamera inaona weupe umezidi na kuupunguza mwanga, na anayeumia ni mtu aliyesimama chini yake. Kwa Unguja tatizo linaongezeka kwa kuta zilizopakwa chokaa na kanzu nyeupe za waalikwa, ambazo nazo kipima mwanga huzigeuza kijivu.

Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mbingu ikiwemo kwenye fremu, au kundi la wanaume wenye kanzu likiijaza, jumlisha 1 na utazame. Mara nyingi utahitaji kati ya 0.7 na 1.3. Fremu ikijaa buibui jeusi au mlango wa mbao uliokolea, fanya kinyume chake, toa 0.7 au 1, la sivyo kamera itapauza weusi ule mpaka uonekane kama kitambaa kilichofuliwa mara mia. Ila dawa iliyo bora kuliko kitufe ni kuamua juu ya mbingu kabla hujainua kamera. Mbingu nyeupe isiyo na umbo haina kazi ndani ya picha, kwa hiyo itoe nje: panda juu ya baraza uelekeze lenzi chini kidogo, au sogea mpaka ukuta au mti uzibe ule upenyo. Mbingu yenye mawingu mazito yaliyopangika juu ya bahari pale Forodhani ni habari nyingine. Hiyo unaiwekea kipimo yenyewe, unaiacha jahazi iwe kivuli cheusi, nawe unajua kwamba umepiga picha ya mawingu.

Kioo cha nyuma kinadanganya kwa njia rahisi zaidi. Kina taa yake, na siku ya giza taa hiyo inaonekana kali, kwa hiyo picha yenye giza inakuja machoni mwako ikiwa angavu. Ndivyo ulivyoona picha nzuri kazini na picha nyeusi kwa mchapaji. Punguza mwanga wa kioo, halafu jifunze kusoma histogramu, ile chati ndogo yenye vilima. Vilima vyote vikirundikana upande wa kushoto na kulia kukabaki patupu, picha ina giza, hata kioo kikikwambia vingine. Mimi nilikawia kuiamini chati hiyo, nikapoteza kazi ya mchana mzima niliyomfanyia mtu aliyeniamini, na bado inaniuma.

Rangi zilizopoa zinatokana na jambo jingine. Mwanga unaopita mawinguni una ubuluu zaidi kuliko mwanga wa jua la moja kwa moja: kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, jua la mchana huhesabiwa kwenye 5500 hivi, mawingu kwenye 6000 hadi 6500, na kivuli kinachopata mwanga wa mbingu pekee kwenye 7000 na zaidi. Usiiachie kamera ikisie. Chagua alama ya wingu kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga (WB), nayo itaongeza ujoto kidogo, ngozi za watu wetu zitarudi kwenye hudhurungi yake na kanga nyekundu itakuwa nyekundu. Piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, ili uweze kurekebisha rangi baadaye bila hasara. Hata hivyo kuna hali moja ambayo si RAW wala mpangilio wowote utakaoimaliza, nayo ni turubai. Waalikwa wanaokaa chini ya turubai la buluu mvua ikinyesha wanapata mwanga wa buluu kutoka juu na mwanga mweupe kutoka ubavuni, kwa hiyo ukirekebisha paji la uso, shavu linageuka machungwa. Waombe kwa adabu wale unaotaka kuwapiga picha za uso wasogee hadi ukingoni mwa turubai na wageukie nje. Ni hatua mbili tu, wala hawatalowa.

Kwa jumla mwanga wa mawingu ni mzuri kwa nyuso, na mimi nauchagua kuliko jua la saa sita linalochimba mashimo chini ya nyusi. Una kasoro moja: unatoka juu zaidi kuliko mbele, hivyo macho huwa na kivuli chepesi na mtu huonekana amechoka. Msimamishe bwana harusi ndani ya kizingiti cha mlango, hatua moja nyuma ya mchirizi wa paa, akitazama nje. Paa litaukata mwanga wa juu, utabaki ule unaoingia kutoka mbele, na utauona ukiwaka kama kidoto cheupe ndani ya mboni zake. Nyuma yake ukumbi utakuwa giza, mbele kuna matone yanayodondoka kutoka kwenye bati, na kanzu yake inajaza sehemu ndogo tu ya fremu. Katika Mji Mkongwe milango ya namna hiyo ipo kila baada ya hatua chache, na sijaona studio inayoushinda mwanga huo.

Sasa mvua yenyewe. Tone la maji halina rangi. Linapitisha mwanga wa kilicho nyuma yake. Ukilipiga mbele ya mbingu nyeupe au ukuta wa chokaa ni cheupe juu ya cheupe, na ndiyo maana mvua yako ilipotea. Mvua inaonekana kwa masharti mawili yakikutana: nyuma yake pawe na giza, na mwanga uje kutoka nyuma au ubavuni mwake. Tafuta mdomo wa kichochoro chenye giza, mlango wa mbao uliokolea au majani mazito ya mwembe, kisha zunguka mpaka sehemu ya mbingu yenye mwanga zaidi iwe mbele yako na si mgongoni. Taa ya gari inayokuja, jua linalochungulia mvua ikiendelea, hata balbu ya duka jioni, vyote vitaziwasha nyuzi za mvua ghafla.

Urefu wa nyuzi hizo unauchagua wewe kwa kasi ya shata. Tone kubwa la masika, lenye upana wa milimita 5, linaanguka kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kwa 1/60 linachora mstari wa sentimita 15 hewani, kwa 1/125 mstari wa sentimita 7, na kwa 1/1000 halifiki sentimita moja, linaonekana kama punje. Mimi hupenda 1/125, kwa kuwa mstari unasomeka kama mvua na mtu aliyesimama habadiliki ukungu. Manyunyu ni mambo mengine, kwani tone la nusu milimita linashuka kwa mita 2 hivi kwa sekunde na ni dogo mno. Usipoteze muda kulitafuta, piga athari zake, yaani miavuli, utelezi wa sakafu na matone kwenye ushungi. Kwa maji yanayoruka kutoka kidimbwini, rudi kwenye 1/1000, chutama, na ushushe kamera karibu na ardhi ili mruko huo uwe na giza nyuma yake. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke juu ya jicho la mtu, maana ukiiachia kamera nukta zote itashika matone yaliyo karibu na kumwacha mwenyewe.

Taa ya juu ya kamera izime kabisa. Inamulika matone yaliyo sentimita chache mbele ya lenzi, ambayo yamo nje ya fokasi, na picha inajaa maduara meupe kama mtu aliyemwaga unga. Ukiwa na taa ya pembeni na msaidizi, mwambie asimame nyuma ya maarusi akiwa ameifunika kwa nailoni angavu, uipunguze hadi 1/16 ya nguvu zake, nawe utapata ile mvua ya fedha unayoiona kwenye picha za wenzetu.

Chujio la polaraizi, kile kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi kukata mng'ao, watu wengi hulitoa mvua ikija, wakidhani ni la mbingu ya buluu tu. Ni kweli kwamba kwa mbingu ya mawingu halifanyi kitu, lakini majani yaliyolowa na mawe ya barabarani yana mng'ao mweupe unaofunika rangi yake, na chujio hilo likizungushwa polepole linauondoa, hasa unapolitazama jiwe kwa pembe ya digrii 35 hadi 40 kutoka usawa wake. Linakula hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, kwa hiyo litumie mchana wenye nafasi, na lizungushe kinyume pale unapoutaka mng'ao wenyewe ubaki.

Mvua ikianuka usikimbilie nyumbani. Vidimbwi vinatulia, na ukishusha lenzi hadi karibu na maji utapata mnara au balkoni imegeuka kichwa chini. Kumbuka kuilenga fokasi kwenye kivuli cha jengo kilichomo majini, kwa sababu umbali wake ni umbali wa jengo lenyewe. Ukiilenga juu ya uso wa maji utapata majani makavu yaliyo wazi na jengo lenye chenga. Kisha subiri magharibi. Mwezi wa Aprili jua la Unguja huzama mnamo saa 12 na dakika 20 jioni, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwangaza unaobaki unadumu dakika 20 hivi. Ndani ya dakika hizo ile mbingu nyeupe iliyokutesa mchana kutwa inageuka buluu iliyokolea, hata ikiwa imejaa mawingu, huku taa za maduka zikimwagika njano juu ya mawe yaliyolowa. Egemeza kamera kwenye baraza au nguzo, weka 1/15, na upige mara nyingi.

Kuhusu ukungu wa lenzi, hapo hakuna kosa la kamera. Umetoka na kifaa kilichopoa ndani ya gari au chumba chenye kiyoyozi, ukakileta kwenye hewa ya pwani yenye joto na unyevu, nao unyevu ukaganda juu ya kioo kama unavyoganda juu ya chupa ya soda. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika 30 kabla ya shughuli, ipate joto polepole bila kukutana na hewa ya nje. Ndani ya gari, zima kiyoyozi mapema. Ukungu ukishakuwepo, kuufuta mara kwa mara hakusaidii, kwa sababu kioo bado ni baridi na utarudi, subiri.

Kinga ya mvua haihitaji gharama. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar, na Tanzania Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo mimi hutumia mkono wa koti kuukuu la mvua: kata mkono huo, pitisha lenzi upande wa kiganja, ufunge kwa mpira wa noti nyuma ya kofia ya lenzi (ile pete inayochomoza mbele ya lenzi, si kifuniko chake), nawe uingize mkono wako kupitia upande wa bega. Kofia ya lenzi usiivue kamwe, inazuia matone mengi kuliko kitambaa chochote. Kitambaa laini kiwe kwenye mfuko wa ndani ya shati, mahali pakavu. Usibadilishe lenzi nje. Ukirushiwa maji ya bahari, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, halafu kikavu, siku hiyohiyo. Maji yakiingia ndani, zima, toa betri na kadi, usijaribu kuiwasha, iweke mbele ya feni kwa siku mbili. Mchele hausaidii, vumbi lake linaingia kwenye vifungo. Na radi ikisikika, ondoka ufukweni na juu ya paa, usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Lako la mwisho lilikuwa ununuzi. Ukiwa na fedha baada ya msimu mmoja wa kuyafanya haya, iache kamera uliyonayo na ununue lenzi ya 35mm yenye f/1.8. Ikilinganishwa na f/5.6 yako inaingiza mwanga unaokaribia mara 10, na hesabu yetu ya kichochoro iliyodai ISO 3200 itashuka hadi karibu na 320. Nyingi zinauzwa zikiwa zimetumika. Kabla hujalipa, ifungue tundu lote, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma na uchungulie mbele: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu iliyotokana na kuhifadhiwa kwenye kabati lenye unyevu, na itasambaa. Ikiwa safi, ihifadhi ndani ya chombo kinachofungwa barabara pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na uitoe kuitumia kila wiki.